Printa iliyomkataa "Aongeze": kisa cha ripoti 460 mjini Tanga

Majina ya duka, shule, programu na wahusika nimeyaondoa. Mambo mengine nimeyaacha kama yalivyokuwa, pamoja na makosa yangu.

Mazingira

Duka ni la steshenari, lipo Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mwenyewe ni mama mtu mzima anayeheshimika mtaani. Ana kijana mmoja wa kumsaidia, mashine moja ya fotokopi, na printa moja ya leza ya nyeusi na nyeupe, mtumba wa ofisini lakini imara. Kasi yake ni kurasa 25 kwa dakika, na inaelewa lugha ya PostScript. Hilo la PostScript lishike, maana kisa chote kimelala humo.

Mteja wake mkubwa ni shule ya sekondari ya binafsi hapa hapa jijini, wanafunzi 460, yaani 115 kila kidato. Mwaka huo shule ilikuwa imeachana na ripoti za Excel na kununua programu ya kutunza alama na kutoa ripoti. Tuelewane: hii haikuwa programu ya kuokota mtandaoni. Ilikuwa na leseni ya kulipia kila mwaka, mkataba, namba ya simu ya msaada, na nembo inayozunguka kwa madaha kila unapoifungua.

Juni ilikuwa mara ya kwanza kutoa ripoti kwa programu hiyo. Mwalimu wa taaluma alikuja dukani na laptopu yake siku ya Alhamisi mchana, akaiunganisha na printa. Kikao cha wazazi kilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi.

Lililotokea

Kabla hata ya ukurasa wa kwanza kutoka, printa iliomba karatasi ya Letter. Hiyo ni karatasi ya Marekani na Kanada. Mimi sijawahi kuiona ikiuzwa Tanga. Kijana akagundua kwamba akibonyeza kitufe cha kijani, printa inakubali A4 kwa shingo upande. Akabonyeza, ukurasa ukatoka. Wa pili ukaja, printa ikaomba Letter tena. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya printa na kidole kikiwa tayari.

Kila ukurasa ulichukua kama sekunde 40. Printa ya kurasa 25 kwa dakika! Kwa mwendo huo kazi nzima ingechukua saa tano na dakika kadhaa, mtu akiwa amekaa pale anabonyeza.

Zilitoka kurasa 45. Ya 46 haikutoka. Badala yake ilikuja karatasi karibu tupu, ikiwa na mistari miwili tu juu kushoto:

ERROR: undefined
OFFENDING COMMAND: Aongeze

Kijana aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. "Mama, printa inataka tuongeze." Tuongeze nini? Wino, nini kingine. Wakatoa tona iliyokuwa na zaidi ya nusu, wakaweka mpya. Wakazima, wakawasha, wakaanza upya. Baada ya nusu saa ya kubonyeza, ile karatasi ikatoka tena: Aongeze. Safari hii wakasema labda ni memori, kwa sababu kuna mtu aliwahi kuwaambia printa nazo zina memori. Mama akaanza kuulizia bei ya printa nyingine.

Jioni alinipigia mimi, fundi wake. Nilipomwamkia hata hakumalizia marahaba yake vizuri. "Marahaba mwanangu, njoo. Hii printa yako imeanza kusema Kiswahili."

Nilifika na begi la bisibisi, na hapo ndipo nilipoanza vibaya. Printa hii niliwahi kuitengeneza mwenyewe, kwa hiyo moja kwa moja nikaona kosa ni lake, au langu. Nikaifungua, nikasafisha rola, nikakagua sehemu ya kupasha joto, nikachapa kurasa za majaribio. Zote safi, haraka, bila kuomba Letter. Saa mbili zilipita hivyo. Ile karatasi ya kosa ilikuwa mezani muda wote, na mimi niliisukuma pembeni nipate nafasi ya kuweka bisibisi.

Kilichonizindua ni neno la mwalimu. Alikuwa analalamika tu, wala hakuwa ananipa taarifa: "Na kila mara inakwamia kwa mtoto huyu huyu."

Printa inayochoka haichagui mtoto. Ikizidiwa na joto itakwama leo ukurasa wa 30, kesho wa 70. Ikikwama pale pale mara mbili, ujue tatizo limo ndani ya kile ilichotumiwa. Nikamuuliza mwalimu, huyo mtoto maoni yake yanasemaje? Akafungua kwenye skrini: "1) Aongeze bidii katika Hisabati. 2) Apunguze utoro."

Nilichokisoma kwenye faili

Watu wengi hudhani kinachokwenda kwenye printa ni picha ya ukurasa. Kwa printa za PostScript si hivyo. PostScript, iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1984, ni lugha kamili ya programu. Kompyuta inaiandikia printa maagizo kwa maandishi ya kawaida: nenda nukta hii, shika fonti hii, andika neno hili, toa ukurasa. Ndani ya printa kuna mkalimani anayeyasoma na kuyatekeleza moja baada ya jingine. Maana yake, ukiyakamata maagizo hayo kabla hayajafika, unaweza kuyasoma kwa Notepad kama unavyosoma barua.

Tukaibadilishia printa tundu lake kwenye Windows, ikawa inapeleka kazi kwenye faili. Nikamwambia mwalimu aprinti wanafunzi wawili tu, wa 45 na wa 46. Likatoka faili la megabaiti 12. Kurasa mbili za maandishi, megabaiti 12.

Mstari wa kwanza ulisema %!PS basi, hakuna zaidi. Madereva ya printa, yaani zile programu zinazoiandikia printa maagizo, huanza kwa utaratibu: jina la kazi, nani kaiandaa, kurasa ngapi, kila ukurasa unaanzia wapi. Humu hamkuwa na kitu cha namna hiyo. Waundaji wa programu walikuwa wanaandika PostScript wenyewe kwa mkono wao na kuipitisha moja kwa moja. Si dhambi. Lakini ukijitwika kazi ya dereva, ujue na anayoyajua dereva.

Mstari uliotuua ulikuwa huu (show ni amri ya kuandika maandishi yaliyotangulia):

(1) Aongeze bidii katika Hisabati.) show

Katika PostScript maandishi hufungwa ndani ya mabano. Mabano yanapofunguka, maandishi yanaanza, yanapofunga, yameisha. Mkalimani alisoma "(1)", akasema sawa, nimepewa maandishi yenye tarakimu moja. Kisha akakutana na neno Aongeze likiwa nje ya mabano, peupe. Neno lililo nje ya mabano ni amri. Akaitafuta amri ya Aongeze katika kamusi yake, hakuiona, akaitangaza kuwa haijulikani na kuitupa kazi yote iliyobaki. Printa ilikuwa sahihi kabisa, na ilieleza kosa kwa uwazi kuliko mafundi wengi, mimi nikiwemo.

Dawa yake ni alama moja. Bano lililo sehemu ya maandishi hutanguliwa na mkwaju unaoegemea nyuma:

(1\) Aongeze bidii katika Hisabati.) show

Kuna kitu hapa kinachoeleza kwa nini kosa hili lilipita majaribio ya waundaji. PostScript inaruhusu mabano yaliyo jozi ndani ya maandishi. Mwalimu akiandika "Hisabati (ya ziada)", hakuna tatizo, kila bano lina mwenzake. Naamini walijaribu mabano ya namna hiyo, yakapita, wakatia tiki. Hawakumjua mwalimu wa Kitanzania anayehesabu pointi zake kwa 1) na 2). Kati ya ripoti 460, zenye bano lisilo na mwenzake zilikuwa 31.

Megabaiti 12 zilitoka kwenye nembo ya shule. Ilikuwa picha ya rangi, pikseli 1,000 kwa 1,000, baiti tatu kila pikseli, yaani baiti milioni tatu. Ikaandikwa kwa tarakimu za heksi, ambapo kila baiti inakuwa herufi mbili: milioni sita. Na iliandikwa upya yote kwenye kila ukurasa. Zidisha kwa 460 upate gigabaiti 2.76, kwa ajili ya nembo inayochapwa kwa upana wa inchi moja, kwenye printa isiyo na rangi, yenye nukta 600 tu katika inchi hiyo. Zile sekunde 40 printa ilikuwa inameza ngao na mwenge na kuvitema karibu vyote.

La tatu ni karatasi. Kila ukurasa ulianza kwa kuagiza karatasi ya pointi 612 kwa 792, ambayo ni Letter. A4 ni 595 kwa 842. (Pointi 72 ni inchi moja.) Agizo lenyewe likirudiwa kila ukurasa hufanya printa isimame na kujipanga upya, ndiyo maana kijana alibonyeza kila mara. Na zile pointi 17 za upana zinazopungua, kama milimita sita, zilikatwa upande wa kulia.

Upande wa kulia kulikuwa na safu ya nafasi darasani. Mwalimu alichukua ripoti moja kati ya zile 45 zilizotoka, akaisogeza karibu na taa. "Huyu hawezi kuwa wa 11." Alikuwa wa 112. Tarakimu ya mwisho ilikuwa imekatwa na ukingo.

Uamuzi, na sababu zake

Ilikuwa saa nne usiku, Alhamisi. Njia zilikuwa nne.

Kununua printa nyingine nilikukataa papo hapo. Printa yoyote ya PostScript ingesoma mstari ule ule na kukwama pale pale.

Kuwapigia watengenezaji tulijaribu Ijumaa asubuhi. Jibu lilikuwa la adabu: shule nyingine hazijalalamika, tumieni aina ya printa iliyoandikwa kwenye mwongozo, na kama bado inasumbua mtaalamu atapiga simu Jumatatu. Mwalimu aliwaeleza habari ya mabano. Wakamuuliza kama ameangalia waya.

Njia ya tatu, kuwaomba walimu wafute mabano kwenye maoni, mwalimu wa taaluma aliikataa, na alikuwa na haki. Muhula ulikuwa umeshafungwa ndani ya programu. Kuufungua kungeruhusu mtu yeyote kubadilisha hata alama, siku moja kabla ya wazazi kuja.

Ikabaki kurekebisha faili linalokwenda kwenye printa. Hili lilinipa wasiwasi, kwa sababu faili lile lina alama za watoto wa watu, na mimi ni fundi tu. Tukawekeana masharti. Kazi ifanyike pale pale dukani, mwalimu akiwa ameketi pembeni yangu. Nisiguse mstari wowote wa alama. Tukimaliza, tulinganishe ripoti 20 na zilivyo kwenye skrini ya programu. Na mafaili yote yafutwe kwenye kompyuta yangu mbele yake.

Nikaandika skripti fupi, yaani programu ndogo kwa lugha ya Python, inayosoma faili mstari kwa mstari. Bahati njema kila kipande cha maandishi kilikuwa kwenye mstari wake, kikiishia na neno show. Basi nikaiambia: chukua kuanzia bano la kwanza hadi bano la mwisho kabla ya show, mabano yote yaliyo katikati, yatangulize mkwaju wa nyuma.

Nembo niliishusha ikawa nukta 600 kwa 600, nyeusi na nyeupe tupu, biti moja kila nukta. Hiyo ni baiti 45,000. Kipimo hiki sikukitoa hewani: kipande kimoja cha maandishi katika PostScript hakiruhusiwi kuzidi baiti 65,535, kwa hiyo nembo nzima iliingia kwenye kipande kimoja, nikakipa jina Nembo juu kabisa ya faili, na kila ukurasa ukawa unaliita jina tu. Faili likashuka kutoka gigabaiti 2.76 hadi megabaiti nne na kidogo.

Karatasi: nikafuta maagizo yote ya Letter, nikaweka moja la A4 mwanzoni, nikapunguza ukurasa hadi asilimia 97 na kuuinua kidogo ukae katikati. Kisha nikapitisha faili lote kwenye Ghostscript, ambayo ni mkalimani wa PostScript anayekaa kwenye kompyuta, ili nione kurasa kwenye skrini kabla ya kupoteza karatasi. Kurasa 460, hakuna kosa hata moja.

Matokeo

Ijumaa saa kumi jioni tuliprinti. Ripoti zote zilitoka kwa dakika 25, pamoja na kujaza trei. Kijana alisimama karibu na kitufe cha kijani kwa mazoea, kisha akaenda kununua kahawa.

Jumamosi saa tatu kasorobo mwalimu alinipigia kutoka shuleni. Ripoti zote 115 za Kidato cha Pili zilisema: "Shule itafunguliwa tarehe 8". Mwezi haupo.

Mwalimu wa darasa lile alikuwa ameandika 8\7, na mkwaju wake umeegemea nyuma badala ya mbele. Katika PostScript mkwaju wa nyuma ukifuatwa na tarakimu humaanisha herufi yenye namba hiyo, na herufi namba 7 haina umbo. Mkalimani alichapa 8, kisha akachapa kitu kisichoonekana. Walimu wawili walikaa na kalamu wakajaza "/7" kwa mkono huku wazazi wa mwanzo wakipaki baiskeli getini.

Mkuu wa shule naye alikuwa na lake. Ngao ya shule ina kivuli cha rangi ya maji ya bahari, na sasa kivuli kile kilikuwa weusi mtupu. Alisema imefanana na muhuri wa posta. Hakukosea.

Kilichofanya kazi, na kilichotuangusha

Kilichotuokoa zaidi ni kuprinti wanafunzi wawili tu kwenye faili. Faili zima lisingefunguka kwenye Notepad, na kama lingefunguka ningezama. Kurasa mbili, mmoja mzima na mmoja mgonjwa, ukiziweka sambamba tofauti inajitokeza yenyewe. Ningekuwa nimefanya hivyo saa moja jioni badala ya saa tatu usiku, tona mpya ingekuwa tayari imefunguliwa, hilo halirudi, lakini bisibisi zingebaki begini.

Lile la mkwaju ni uzembe wangu. Katika maandishi ya PostScript zipo alama tatu za kukingwa, yaani kutangulizwa mkwaju wa nyuma: bano la kufungua, bano la kufunga, na mkwaju wa nyuma wenyewe. Nilikinga mbili, kwa kuwa ndizo zilizonikwamisha. Kwa maneno mengine nilirudia kosa la watengenezaji kwa kipimo kidogo: nilitibu nilichokiona. Na kwa atakayeandika skripti kama hii, mkwaju ukingwe kwanza kabla ya mabano, vinginevyo utaikinga na ile mikwaju uliyoiongeza mwenyewe, na mabano yatabaki wazi kama awali.

Ulinganishaji wa ripoti 20 nao ulikuwa na tundu. Tulichagua kumi za Kidato cha Kwanza na kumi za Kidato cha Nne, kwa sababu ndizo zilizokuwa juu ya mafungu. Tarehe ya kufungua iliandikwa na mwalimu wa darasa, kila kidato maneno yake. Ripoti nne, moja ya kila kidato, zingetosha kuliko zile 20. Nimejifunza kuuliza nani kaandika nini kabla ya kuamua nikague zipi.

Kuhusu Ghostscript, iliniambia hakuna kosa, nami nikapumua. Lakini kwake 8\7 ni maandishi halali kabisa. Inakagua lugha tu. Tarehe za shule haizijui.

Nembo nyeusi ilikuwa uamuzi wa haraka nisioujutia sana. Ningeweza kuifanya ya kijivu, pikseli 200 kwa 200, baiti 40,000, ingeingia kwenye kipande kimoja vilevile na kivuli kingebaki. Saa zile sikulifikiria.

Na watengenezaji? Kosa la mabano linaweza kumpata yeyote. Lile la kupeleka nembo mara 460 ni la mtu aliyejaribu programu yake kwa wanafunzi watatu. Linaloniudhi ni la karatasi: wanauzia shule za nchi ya A4 programu inayoagiza Letter, na vipimo vyenyewe vimeandikwa ndani ya msimbo mahali ambapo mnunuzi hawezi kuvifikia.

Baadaye

Mwalimu aliwatumia watengenezaji ile mistari ya PostScript, mbovu na iliyorekebishwa, pamoja na picha ya karatasi ya kosa. Hawakujibu, ila toleo la Desemba lilikuja likikinga mabano yote mawili na mkwaju wa nyuma, na karatasi ikawa A4. Nembo bado inatumwa kila ukurasa. Mama ananiita kila mwisho wa muhula niipitishe kwenye skripti, sasa kwa kijivu, na mkuu wa shule ameridhika na kivuli chake.

Ile tona iliyotolewa ikiwa na zaidi ya nusu ilirudishwa kwenye printa Jumatatu. Ilidumu hadi Septemba.